Lineti za Labo

Nilimuona mutoto anatoka mbio mu kalasi ya mwisho, mikono yote mbili ku uso, na sikujua kama ni wangu. Nilikuwa nimekaa ku mulango ya masomo, shule ya batoto wetu, na karai yangu ya mandazi, pale nakaaka kila siku. Niliwaza tu: hawa batoto, wameanza tena michezo yao. Nikageuza mandazi. Kisha yule mutoto akagonga ukuta, akaanguka, akaamuka, akagonga tena, na mama muuza ndizi wa pembeni yangu akasema na sauti ya chini, sauti ya muntu anaogopa kusikiwa: "Mama wa Masisi, njo wako ule."

Njo wangu. Blauzi yake nyeupe, niliyoipiga pasi asubui, ilikuwa inatoboka yenyewe, sawa vile kuna mududu asiyeonekana anaikula. Nilikamata ndoo ya maji ya kukandia unga, nikamumwangia yote ku uso. Nikapiga kelele waniletee maji ingine. Wanafunzi walikuwa wamejaa ku madirisha. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyekuja. Mwalimu wao, kijana mwenye shati nzuri, alikuwa amesimama ku mulango ya kalasi na kikombe ya plastiki mu mukono, anasema: "Ku mashini haikuruka. Ku mashini haikuruka hivi."

Mama muuza ndizi njo alisimamisha pikipiki. Tukaweka mutoto katikati, mimi nyuma na bidoni ya maji, nikaendelea kumumwangia ku uso barabara yote. Alikuwa anaita jicho yake sawa vile muntu anaita muntu wa familia: "Jicho yangu, mama, jicho yangu." Motari, mwenye kuendesha pikipiki, akageuka kuangalia kama hatujaanguka, na njo pale nikaona kitu alikuwa nayo ku uso. Lineti kubwa za plastiki, zenye kufunika macho mupaka pembeni, na mukanda mweusi wa kufunga nyuma ya kichwa. Pembeni kulikuwa kumepakwa rangi nyekundu, alama ya masomo yetu. Nilizijua. Nilikuwa nimeziosha na mikono hii.

Acha nirudi nyuma kidogo. Sitaki muntu aseme kama hasira yangu haina njia.

Mimi si wa Mubi, huu muji tunakaa. Nilizaliwa ku Burungu, ku milima ya Masisi, kwa wazazi walimaji. Nilisoma mupaka mwaka ya sita ya primeri, kisha vita ikaja na masomo yangu ikaisha pale. Nilijenga ndoa, vita ingine ikaja, bwana yangu akabakia mu shamba ya maharagi na hatukumuzika. Nilikimbilia Mushaki, nikauza maziwa ku barabara. Mushaki nayo ikapigwa. Nikashuka na binti yangu ku mugongo mupaka huku mu pori ya Walikale, mu muji wa makamio, zile lori kubwa, na pikipiki na watu wanaokwenda kuchimba mawe. Wenye muji walinipokea muzuri, sina la kusema. Mupaka leo wananiita Mama wa Masisi.

Ile yote niliyoipoteza kule, sikuuliza muntu. Ungeuliza nani? Risasi haina biro, haina ofisi. Aliyemuua bwana yangu sikuona uso wake, na kama ningemuona, angekuwa kijana mwenye njaa aliyetumwa na mukubwa mwenye sitamuona mupaka kufa kwangu. Nilijifunza kunyamaza. Watu wanasema kama mimi ni mugumu. Hapana. Nilikosa tu mulango ya kugonga.

Lakini hii ya mutoto wangu iko na mulango. Iko na biro, na kiti, na muntu anakaa juu ya ile kiti, anavaa kravati, ananisalimia "Mama, bonjour" asubui akipita mbele ya mandazi yangu.

Masomo yetu ilikuwa na labo. Chumba ndefu waliyoijenga mapadri wa zamani, na meza za simenti, na robine ya maji, na makabati ya chupa. Kila mwanzo ya mwaka wazazi tulikuwa tunafanya salongo: wababa wanakata majani, wamama wanaosha. Mimi walinipatiaka labo juu nilikuwa na mikono polepole. Mwalimu wa chimie, ile kemia, wa wakati ule, papa mumoja mwenye mvi, alikuwa anasimama pembeni yangu sawa vile ninaosha mutoto wake. Siku nilikamata zile lineti na muchanga mu kitambaa, alikuja mbio.

"Hapana, mama! Muchanga hapana. Hizi njo macho ya batoto. Ukizikwaruza, watazitupa, na wakizitupa siku moja utakuja kunililia."

Nilicheka. Nikaziosha na sabuni na maji tu, nikazitundika ku misumari yao, moja moja.

Ile labo njo iliiba roho ya binti yangu. Siku ya kwanza aliangalia mu mikroskopu, kile chombo ya kukuza vitu vidogo, alirudi nyumbani hakula. "Mama," alisema, "kitunguu iko na vyumba. Vyumba vingi, vimepangwa sawa muji. Na we unaikata tu kila siku haujue." Toka siku ile alisema atafanya kazi ku labo ya lopitali, ile kazi ya kuangalia damu na kusema huyu iko na malaria, huyu hana. Hakusema tena kitu ingine. Mimi nami sikuwaza tena kitu ingine. Mandazi yote niliyokaanga mu ile miaka, nilikuwa nakaanga ile kazi.

Kisha mashini zikaja.

Ordinatere, zile wengine wanaita kompyuta. Zililetwa na kijana wa shirika moja, formateri wao wa kufundisha mashini, mwenye karatasi ya jina ku kifua na viatu vya kupanda mulima. Kamio ikakwama mu matope mbele ya kufika Mubi, vile makamio yote yanakwamaka, na prefe, mukubwa wa masomo yetu, yule wa kravati, akapiga filimbi: wazazi wote, salongo! Tukaenda kuzitoa. Wababa walibeba zile plaki za jua za kutoa umeme. Sisi wamama tukaweka mashini mu vitunga, mukanda ku paji la uso, tukazibeba mu mugongo. Mvua ilianza, nikavua kitenge yangu nikaifunika mashini, nikatembea mimi na mvua. Wamama waliimba. Mumoja akasema, "Leo tumezaa wazungu!" tukacheka mupaka mukanda ukateleza.

Nasema hii ili muntu asije kusema kama mimi ni mujinga anachukia mashini. Mashini ile niliibeba sawa mutoto. Haikunikosea kitu.

Prefe aliita mukutano ya wazazi, tukakaa mu labo yenyewe, juu ya zile meza za simenti. Alizungumuza sawa vile padri siku ya Pasaka. Alisema: "Labo ya chupa imeisha. Mu inchi za mbele hakuna tena mwanafunzi anachafua mikono. Labo yote, mikroskopu, asidi, chura, yote iko ndani ya mashini. Tunahitaji chumba hii. Tutoe hizi vitu za wazee."

Wanafunzi walikuwa wamebanana ku madirisha, wakapiga makofi. Wale wa chimie-biolojia njo walipiga zaidi. Unapaswa kuelewa ile mashini ilikuwa nini kwao. Watoto wanaotembea na kandambili mu matope, wanaopisha makamio ya mawe, wamesikia maisha yao yote kama dunia iko pahali pengine: sasa dunia imekuja mu kitunga ya mama yao. Hata binti yangu. Nilimuona, alikuwa anaruka.

Yule papa mwalimu akasimama. "Mashini ni muzuri," alisema. "Mimi nami nitajifunza. Lakini bana, asidi ya mu mashini haina harufu. Mutoto anapaswa kusikia harufu, anapaswa kuogopa kidogo. Munipatie hata kabati moja, na mikroskopu, na zile lineti. Nitaweka mu nyumba yangu."

Toka ku dirisha sauti ikapiga kelele: "Mwalimu wa chupa!" Wakacheka wote. Mwingine: "Papa, uolewe na chura yako!"

Prefe hakuwakemea. Alitabasamu. "Papa, dunia inaenda mbele, na weye unabakia mu kabati. Wazazi, wenye kukubali wanyanyue mukono."

Tukanyanyua. Nani angebakisha mukono chini? Prefe amesoma ku univerisite, formateri amesimama pembeni yake na aparei anatupiga picha. Mimi wa mwaka ya sita primeri nilinyanyua mukono sawa wote. Na prefe anajua muzuri mukono ile ilikuwa inaamini nini. Ilikuwa inamuamini yeye.

Wakatoa vitu. Poda na maji ya chupa vikazikwa mu shimo nyuma ya vyoo. Chupa zenye tumbo na shingo ndefu nikaziona kisha kwa mama mumoja anayepika kanyanga, pombe ile kali, aliniambia, "Za prefe hizi, hazipasukake na moto." Mikroskopu, walisema, inakwenda kutengenezwa Goma. Haikuwa imekufa. Lineti, hakuna aliyesema kitu. Yule papa mwalimu alifungasha, akaenda kufundisha ngambo ya Masisi, na ku pahali yake prefe akaweka mutoto wa dada yake, kijana anayejua mashini.

Na mimi sitadanganya: mutoto wangu alipenda ile mashini. Alirudi jioni macho inawaka. "Mama, leo nilipasua chura, na hakuna damu, na nikimaliza anarudia muzima." "Mama, nilichanganya asidi na maji, ikatoka moshi ya rangi!"

"Na harufu?" niliuliza, juu nilikumbuka yule papa.

"Haina harufu."

"Na ukikosea?"

"Mule haukosei, mama. Ukikosea unafinya pahali, yote inarudilia mwanzo."

"Na kama unajichoma?"

Alinicheka mupaka akakaa chini. "Mama wewe! Nitajichoma na nini? Na kioo?"

Nami nikacheka. Wote walikuwa wanazungumuza vile. Ukipita mbele ya masomo saa ya mapumuziko, ungewasikia: nilimwanga hii juu ya ile, ikapasuka, nikarudilia. Walisema neno "kupasuka" sawa vile mutoto anasema pipi. Wale wa masomo ingine ya Mubi, ambao walikuwa bado na vichupa vyao mbili tatu, wetu waliwaita "watu wa labo ya babu." Kulikuwa na kiburi, kweli. Lakini kiburi ya mutoto inawekwa na mukubwa. Watoto hawakuota peke yao kama asidi haichome. Walifundishwa, miaka yote, na chumba yenye haikuwa na robine tena, haikuwa na harufu, haikuwa na muntu wa kuwaambia ogopeni.

Mu mwaka ya mwisho, binti yangu akiwa finalisti, habari ikakuja kama inspekteri atapita kuona wanafunzi wakifanya pratiki. Si ku mashini. Na mikono. Prefe akashikwa na homa. Alipita mbele yangu mara nyingi bila "bonjour". Akamuambia mutoto wa dada yake ajitafutie, inspekteri asikute masomo yake mikono mitupu.

Kijana akatuma ku mutengenezaji wa bateri, kule makamio yanasimama. Yule muntu aliwapatia asidi vile anayo, ile ya nguvu, haijachanganywa na maji. Si kosa yake. Watu wa bateri wanajua namna ya kuichanganya, na aliwaza masomo inajua zaidi yake. Wakaimwanga mu kikombe ya plastiki, ya kunywea chai. Robine ilikuwa imefungwa toka siku ya mashini. Kijana akauliza: "Nani anajua?" Wote wakaonyesha wangu, juu ku mashini njo alikuwa wa kwanza.

Binti yangu aliniambia kisha, na uso mu bandeji, vile ilikuwa. "Nilikamata maji nikamwanga juu ya asidi, mama. Vile vile. Ku mashini niliifanyaka hata nikisinzia." Kumbe njia ni ile ingine: asidi njo inaingia mu maji, kidogo kidogo. Maji haiingie mu asidi hata siku moja. Yule papa alikuwa anawaimbisha ile wakati wa kidato chao cha mwanzo, wakiisema wote pamoja wakigonga meza. Waliisahau juu ku mashini, ukiigeuza, hakuna kinachokupata. Unafinya, inarudilia.

Ku lopitali muganga alimuosha muda murefu. Kisha akatoka, akatuangalia, akauliza ulizo moja tu: "Hakukuwa na lineti?"

Motari alikuwa bado amesimama ku mulango, hajaenda. Alisikia. Nilimuona anapandisha mukono polepole, anavuta mukanda nyuma ya kichwa, anazivua. Pahali zilikuwa zimekaa palibakia safi, uso ingine yote ilikuwa matope.

"Mama," alisema, "mi nilipewa. Prefe njo alinipa, mimi na wenzangu, juu tunamubebaka ku safari zake. Alisema ni za vumbi." Akaziweka mu mikono yangu. "Mungu iko shahidi, sikujua."

Nilimuamini. Zilikuwa zimekwaruzwa zote. Muchanga.

Jicho ya kuume ikatoka. Ya kushoto inaona. Ku shavu na ku shingo ngozi ilikuwa sawa mushumaa yenye kuyeyuka. Wenzake walikuja kumuona mara moja, wakasimama mbali na kitanda, wakaangalia chini. Yule aliyemuita papa "Mwalimu wa chupa" njo alilia zaidi. Sikumufukuza. Ni mutoto.

Prefe naye alikuja, na mukate na Fanta. Alikaa muda wa kunywa yeye mwenyewe Fanta moja. Hakuangalia uso ya binti yangu, aliangalia ukuta. Wiki iliyofuata akaita wazazi, mimi nikiwa lopitali, akawaambia mwanafunzi mumoja alichezea asidi bila ruhusa, nje ya somo, na kama disipilini ingekuwepo ku nyumbani, hii haingefika. Mama muuza ndizi njo aliniletea ile maneno, akiitema sawa mate. Kijana wa dada yake? Alihamishwa ku masomo ya chini, anafundisha tena. Formateri? Alipita kuangalia mashini zake, akapiga picha zingine. Inspekteri alikuta mashini zimepangwa vizuri, akala kuku, akaenda. Egzameni ya leta, mutihani ya serikali, ikafanyika. Wangu hakufanya. Prefe alinitumia neno: "Arudilie mwaka."

Arudilie. Hata yeye anawaza kuna pahali pa kufinya.

Nilipiga hodi ku biro yake, mara na mara. Niliweka zile lineti juu ya meza yake. Aliziangalia sawa vile ameona nyoka, kisha akasema: "Mama, hizi vitu zilitoka na ruhusa ya wazazi. Nawe ulikuwa pale. Ulinyanyua mukono."

"Nilinyanyua," nikamujibu. "Njo hii. Iangalie muzuri. Iko na alama ya mafuta ya moto, haina alama ya kalamu. Yako iko na kalamu. Unataka zote mbili zijibu sawa?"

Akaniambia nitoke, iko na kazi.

Ningeweza kunyamaza tena. Nilikuwa nimezoea. Lakini juzi nilikuwa namupaka binti yangu mafuta ku shavu, akauliza, bila kulia, sawa vile anauliza chumvi: "Mama, mu mikroskopu muntu anaangaliaka na jicho moja tu, si njo vile?"

Nikasema njo vile.

"Basi ingine ningeifunga tu," alisema.

Kwa hiyo, Papa Prefe, hii ninaandika na Kiswahili yangu ya mandazi, na itasomwa mbele ya wazazi kama unakataa kuisoma wewe. Sikuulizi jicho, hauna ya kurudisha. Ninakuuliza vitu mbili. Ita mukutano mu kile chumba, tukae juu ya zile meza, wanafunzi wakiwa ku madirisha, na useme na mudomo yako nani alimutuma mutoto wangu mbele ya asidi ile na uso mutupu. Kisha utuambie mikroskopu iko wapi. Haikuwa imekufa. Nilikuwa naiosha mimi. Kuna mutoto hapa amebakiza jicho moja, na anaihitaji.